Imamu Ghazali: Mwanachuoni Aliyefungwa Ulimi

Mtu yeyote aliyepata kukaa darasani baada ya sala ya alasiri katika misikiti yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, amelisikia jina la Imamu Ghazali. Mashekhe hulitaja kwa heshima, na wakishalitaja huongeza lakabu yake ya Hujjatul-Islamu, yaani Hoja ya Uislamu. Kitabu chake cha Ihyaa Ulumid-Din kimo katika makabati ya wanavyuoni wetu, na wako wazee wasiojua Kiarabu wanaoweza kukueleza mengi yaliyomo ndani yake, kwa kuwa waliyasikia yakifasiriwa tangu utoto wao.

Lakini liko jambo moja katika maisha ya Imamu huyu lisilosemwa sana. Akiwa na umri wa miaka 37, naye yuko juu kabisa ya ngazi ya cheo, aliugua maradhi ya huzuni hata ulimi ukamfunga na chakula kikamshinda. Jambo hili hakusingiziwa na maadui. Alilieleza yeye mwenyewe katika kitabu chake cha al-Munqidh minadh-Dhalal, alichokiandika katika miaka yake ya mwisho. Leo, ndugu msomaji, ningependa tuyatazame maisha yake kwa upande huo, kwa sababu wako miongoni mwetu wengi wenye jitimai ya namna hiyo, nao huona haya kuitaja, wakidhani kwamba haimpati ila mtu mwenye imani haba.

YATIMA WA TUS

Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali alizaliwa katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, mahali ambapo leo pamo kaskazini-mashariki ya Irani, karibu na mji wa Mashhad. Mwaka ulikuwa 450 wa Hijria, sawa na 1058 wa Miladi. Husimuliwa kwamba baba yake alikuwa maskini aliyesokota sufi na kuiuza. Hakuwa msomi, ila alipenda sana kukaa na wanavyuoni. Alipohisi mauti yamkaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja aliyekuwa mtu wa tasaufi, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, ili wasomeshwe.

Akiba ile haikudumu. Ilipokwisha, yule mlezi, naye akiwa fukara vile vile, aliwashauri vijana waingie madrasa, kwani huko mwanafunzi alipewa chakula. Basi mlango wa kwanza aliopitia Imamu kuingia katika elimu ulikuwa mlango wa njaa. Hakulificha hilo alipokuwa mkubwa. Alikuwa akieleza kwamba waliitafuta elimu kwa ajili ya riziki, na elimu yenyewe ndiyo iliyokataa kutumiwa hivyo.

Alisoma kwanza Tus, kisha akaenda Jurjani, upande wa bahari ya Kaspi. Kiko kisa mashuhuri cha safari yake ya kurudi. Wanyang'anyi waliuvamia msafara wakachukua kila kitu, na kijana akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie karatasi alizoandikia masomo yake. Yule mnyang'anyi alicheka, akamwuliza ni elimu gani hiyo ambayo mwizi akiichukua mwenyewe hubaki mtupu. Karatasi zilirudishwa, lakini maneno yalimchoma. Alipofika kwao alikaa miaka mitatu akihifadhi kila alichokuwa amekiandika, ili asipate tena kuibiwa.

Kisha akaenda Naisabur kwa Imamul-Haramain al-Juwaini, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa zama hizo, akasoma kwake fikihi, usuli, mantiki na elimu ya kujadiliana. Mwalimu huyo alifariki mwaka 1085, na mwanafunzi alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kutajwa.

KATIKA BARAZA LA WAKUBWA

Siasa za wakati huo zilikuwa hivi. Khalifa wa Bani Abbas alikaa Baghdad naye alikuwa na jina na heshima, lakini jeshi na hazina vilikuwa mikononi mwa masultani wa Kituruki wa ukoo wa Seljuki. Sultani alikuwa Malik Shah, na aliyeiendesha dola hasa alikuwa waziri wake, Nidhamul-Mulk, naye pia mzaliwa wa nchi ya Tus. Waziri huyu alijenga madrasa katika miji mingi, zikaitwa Nidhamiya kwa jina lake. Nia yake ilikuwa kueneza elimu, na pia kupata wanavyuoni watakaoitetea dola dhidi ya wapinzani wake, wakiwamo makhalifa wa Kifatimi wa Misri na Waismaili wa Irani, waliokuwa wameitwaa ngome ya Alamut mwaka 1090.

Baada ya kufa kwa mwalimu wake, Ghazali aliingia katika baraza la waziri huyo. Mabaraza hayo yalikuwa kama viwanja vya mashindano. Wanavyuoni walijadiliana mbele ya wakubwa, na aliyeshinda alipanda na aliyeshindwa alisahauliwa. Ghazali alishinda. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33, aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, cheo ambacho kila mwanachuoni alikitamani. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake. Waliomjua siku hizo walieleza kwamba fahari yake iliipita fahari ya mawaziri na maamiri.

Lakini kikao cha wakubwa kina miba. Mwezi wa Oktoba 1092, karibu na Nihawand, mtu aliyevaa mavazi ya kisufi alimwendea Nidhamul-Mulk kana kwamba analeta ombi, akamchoma kisu. Wengi walisema ni kazi ya Waismaili, na wako waliodhani kwamba mkono wa watu wa nyumba ya Sultani ulikuwamo. Haikupita hata miezi miwili, Sultani Malik Shah naye akafa. Watoto wake, wake zake na ndugu zake wakaanza kupigania kiti, na vita vikaendelea miaka. Mwaka 1094 khalifa akafa, na Ghazali alikuwapo siku khalifa mpya, al-Mustadhhir, alipopewa baia. Khalifa huyo alimwagiza aandike kitabu cha kuwajibu wapinzani wa dola, naye akakiandika. Basi mwalimu wa dini akajikuta kalamu yake imekuwa silaha katika ugomvi wa wafalme.

JUA, MWEZI NA ELIMU ZA WAGIRIKI

Katika miaka hiyo hiyo alifanya kazi nyingine kubwa. Nyakati alizopata nafasi baada ya kufundisha, alijisomea peke yake, bila mwalimu, vitabu vya falsafa vya al-Farabi na Ibn Sina, waliofuata njia ya Wagiriki. Alisoma muda usiotimia miaka miwili, kisha karibu mwaka mzima akawa anayarudia na kuyapima aliyoyasoma. Kwanza aliandika kitabu cha kueleza madhumuni yao kwa uadilifu, kisha mwanzoni mwa 1095 akamaliza Tahafutul-Falasifa, kitabu cha kuwapinga katika masuala 20.

Kwa sababu ya kitabu hicho wako wanaosema kwamba Ghazali ndiye aliyeizima taa ya sayansi katika Uislamu. Hayo hayamstahili. Alichokipinga ni madai ya wanafalsafa juu ya Mungu, roho na ufufuo, ambayo yeye aliona hayana uthibitisho. Hesabu, elimu ya maumbo na hesabu za nyota hakuzipinga. Mfano wake ulikuwa kupatwa kwa mwezi na jua. Mwezi hupatwa ardhi inapoingia kati yake na jua, na jua hupatwa mwezi unaposimama kati yake na sisi. Mambo haya, alisema, yamethibitika kwa hesabu, na mtu anayeyapinga kwa jina la dini huidhuru dini kuliko adui yake, maana anayejua hesabu hatatilia shaka hesabu yake bali ataitilia shaka dini. Na elimu hizo hazikufa baada yake. Nasirud-Din al-Tusi, mzaliwa wa mji ule ule wa Tus, ndiye aliyesimamia kituo kikubwa cha kutazamia nyota cha Maragha, kilichoanza kujengwa mwaka 1259.

Hata hivyo, kuchunguza kwake kulimgharimu. Alitaka yakini isiyokuwa na shaka. Alijiuliza kama hata macho yaaminike, kwa kuwa jicho huiona nyota ndogo kama sarafu ya dinari, na hesabu zikathibitisha kwamba ni kubwa kuliko ardhi. Ikiwa jicho hudanganya, je, akili nayo haidanganyi? Shaka hiyo ilimkaa karibu miezi miwili, naye mwenyewe aliiita maradhi. Aliponea, kwa maelezo yake, kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu, wala si kwa kupanga hoja.

ULIMI UNAFUNGIKA

Mtihani mkubwa ulikuja Rajabu ya mwaka 488 wa Hijria, yaani Julai 1095. Alipoitazama nafsi yake aliona kwamba elimu anayoifundisha haimfai kitu katika safari ya akhera, na kwamba kinachomsukuma kufundisha ni kutaka jina na cheo. Alijiona amesimama ukingoni mwa shimo linalomomonyoka. Siku moja aliazimia kuondoka Baghdad na kuyaacha yote, na siku ya pili azma ikavunjika. Asubuhi alikuwa na nia, jioni hana. Alikaa katika hali hiyo karibu miezi sita.

Kisha mwili ukaamua pale moyo uliposhindwa. Alikuwa akikaa kufundisha ili kuwaridhisha waliomjia, na neno halikutoka. Ulimi haukutamka hata herufi moja. Kufungika huko kukamtia huzuni moyoni, na huzuni ikaondoa nguvu ya kusaga chakula. Mchuzi haukupita kooni, tonge halikukaa tumboni, mwili ukadhoofika. Matabibu wa Baghdad walimpima, wakakata tamaa. Walisema kwamba jambo hili limeanzia moyoni ndipo likaenea mwilini, na halina tiba mpaka moyo upumzike kutokana na dhiki iliyoushika.

Daktari wa leo hawezi kumpima mtu aliyekufa zaidi ya miaka 900 iliyopita, wala sisi hatuna haki ya kuyapa maradhi yake jina kwa yakini. Lakini kila aliyepata kuuguza mtu wa huzuni kuu atazitambua dalili hizi: kunyamaa, kukataa chakula, kushindwa kukata shauri hata dogo, kujiona si kitu ilhali watu wanamsifu. Tena tuwatazame matabibu wale. Hawakusema kwamba ni mvivu, au imani yake ni dhaifu, au amechezewa. Walisema ni mgonjwa, na maradhi yake yametoka moyoni.

Wanavyuoni wa baadaye wamebishana juu ya sababu. Wako wanaosema aliogopa kuuawa kama alivyouawa waziri wake, kwa kuwa alikuwa ameandika dhidi ya watu wale wale. Wako wanaosema alijiona hana mlinzi tena katika vita vya masultani. Yeye mwenyewe hakutaja kisu wala sultani, alitaja moyo wake. Mimi sioni kwamba lazima tuchague. Moyo wa mtu hauishi mbali na mambo ya mji wake. Mtu aliyemwona mkuu wake akichinjwa, wafalme wakifa mmoja baada ya mwingine, na elimu yake ikigeuzwa mkuki wa wengine, si ajabu akauliza usiku maisha haya ni ya nini.

SAFARI YA MIAKA KUMI NA MMOJA

Alipoona hana hila tena, alielekea kwa Mola wake kama mtu aliyeshikwa na dhiki asiye na pa kukimbilia, na hapo kuacha mali na cheo kukawa kwepesi kwake. Novemba 1095 aliondoka. Aliwaambia watu anakwenda Hija, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasimzuie, na huku nia yake ni kwenda Sham. Mali yake aliigawa, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake. Mji ulijaa maneno, na kila mtu alikuwa na sababu yake.

Damascus alikaa kwa muda. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu, akajifungia mlango mchana kutwa. Aliyekuwa na wanafunzi 300 sasa hakuwa na mtu wa kumtazama. Kutoka hapo alikwenda Baitul-Muqaddas, na katika mwaka 1096, kwenye kaburi la Nabii Ibrahimu huko al-Khalil, aliweka ahadi tatu: hatamwendea sultani yeyote, hatapokea mali ya sultani, wala hatajadiliana na mtu hadharani. Mwaka huo huo akahiji. Tutaona kwamba ahadi hizo zilikuwa dawa iliyolingana na ugonjwa, kwa kuwa mambo hayo matatu ndiyo yaliyomfikisha alikofika.

Katika miaka hiyo ndimo ilimotoka Ihyaa, vitabu 40 vilivyogawanywa katika robo nne: ibada, mila za maisha, mambo yenye kuangamiza na mambo yenye kuokoa. Mtu akiisoma milango ya riya na kupenda cheo, asidhani kwamba mwandishi anawasema jirani zake. Anayajua maradhi hayo kwa kuyaugua.

Wala asidhani msomaji kwamba Imamu alitoka upwekeni akiwafundisha watu waache matabibu. Katika mlango wa elimu alisema kwamba utabibu ni faradhi ya kutoshelezana, na mji ukikosa tabibu wenyeji wote wana dhambi. Alilalamika kwamba wanafunzi wanasongamana katika fikihi kwa kuwa huko kuna ukadhi na usimamizi wa mali za wakfu, na utabibu wamewaachia wasiokuwa Waislamu. Na katika mlango wa tawakali alieleza kwamba kutumia dawa hakupingani na kumtegemea Mungu, kwa sababu aliyeumba ugonjwa ndiye aliyeumba dawa.

KUREJEA

Upweke wake haukuwa wa kukata jamaa. Alikiri kwamba wito wa watoto wake ndio uliomvuta kurudi kwao, na kwamba shughuli za nyumba na riziki zilimkatizakatiza hata utulivu ukawa unamjia kwa vipindi. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, naye alirejea Tus. Kwa jumla mambo hayo yalichukua miaka 11.

Mwaka 1106 waziri Fakhrul-Mulk, mtoto wa Nidhamul-Mulk, alimtaka arudi kufundisha Naisabur. Wako walioona kwamba kukubali ni kuivunja ahadi ya al-Khalil. Yeye aliwashauri watu wa moyo, akaona kwamba kuendelea kujificha kwa ajili ya raha sasa hakufai tena. Alieleza kwamba ingawa amerudi kwenye elimu, hakurudi alikokuwa: zamani alifundisha elimu inayoleta cheo, na sasa anafundisha ile inayomfanya mtu akiache. Waziri yule hakukaa. Mwaka huo huo naye akauawa kwa kisu, kama baba yake. Safari hii Ghazali hakufungika ulimi. Alipoitwa na Sanjar, mtawala wa Khurasani, alimwandikia na kuwaombea rehema watu wa Tus, waliokuwa wamechoshwa na dhuluma na mavuno mabaya. Na mwaka 1109, alipokuwa angali hai, Ihyaa ilichomwa moto huko Qurtuba, nchi ya Andalusi, kwa amri ya watawala wa Kimurabitun.

Miaka yake ya mwisho aliimaliza Tus, karibu na nyumba yake, akifundisha wanafunzi wachache na kukaa na masufi. Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Jumadal-Akhir 505, yaani Desemba 1111. Husimuliwa kutoka kwa ndugu yake Ahmad kwamba alfajiri hiyo alitawadha, akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu, akaiweka machoni, akalala akielekea kibla, na kabla ya mchana kutanda alikuwa amekwisha kata roho. Aliacha mabinti tu.

Wazee wetu wamesema, mficha maradhi kilio humuumbua. Hujjatul-Islamu hakuyaficha yake, aliyaandika yasomwe na watu wote. Basi mtu akinyamaa nyumbani mwetu, akakataa chakula, akaacha kazi aliyokuwa akiipenda, tusimpime imani yake. Tumsomee dua, tumpeleke kwa daktari, na tumwondolee mzigo uliomshinda, japokuwa mzigo huo ni cheo ambacho sisi jamaa zake tunajivunia. Na tungoje. Imamu Ghazali, pamoja na elimu yake yote, alihitaji miaka.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awape faraja wote walio katika dhiki ya moyo. Amina.